Kwa nini mwanamke hupewa hazina lakini uenyekiti hapewi?

Mama Neema wa Bahi ameuliza:

Mbukwenyi ndugu zangu. Wakubwa, shikamooni.

Naandika kutoka kijijini, Wilaya ya Bahi, hapa Dodoma. Nina miaka 43 na watoto wanne. Mwaka huu natimiza miaka tisa nikiwa mweka hazina wa jumuiya yetu ya watumia maji. Mwezi ujao tunachagua viongozi upya, na safari hii nautaka uenyekiti. Kabla sijachukua fomu naomba mnisaidie kufikiri, maana kuna jambo limenikaa kooni.

Maji yetu ni ya kisima kirefu, pampu ya sola, tanki moja na vituo sita vya kuchotea. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Jioni wauzaji wa vituoni wananiletea mauzo, nayamwaga mkekani, nahesabu, naandika, nasaini, nao wanasaini. Nilipokabidhiwa daftari hili tulikuwa na shilingi 38,000 na deni la fundi. Leo akiba yetu benki imepita milioni sita. Mwaka juzi mwezi wa Oktoba, kiangazi kimeshika kabisa, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uendeshe pampu, iliungua. Mwenyekiti alikuwa amesafiri na simu yake haipatikani. Siku nne wanawake walirudi korongoni kufukua mchanga usiku kama enzi za bibi zetu. Mimi ndiye niliyempigia fundi wa mjini, nikapatana naye bei, nikapanda bodaboda kufuata kifaa, nikasimama pale pale mpaka maji yakatoka. Mwenyekiti aliporudi aliitisha mkutano, akatangaza kwamba tatizo limekwisha. Akapigiwa makofi.

Simsemi vibaya. Ni mtu mzima, ananiheshimu, na muhula huu anapumzika kwa hiari yake. Ndiyo maana nilimweleza nia yangu wa kwanza. Akaniambia, "Mama Neema, wewe tunakuamini kwenye pesa. Mwanamke hali pesa ya watu. Baki hapo hapo, usituharibie." Nilifurahi kusifiwa. Nikiwa njiani kurudi nyumbani, punda mbele na madumu yake, ndipo maneno yale yakaanza kuniuma. Kama naaminiwa kwenye pesa, ambako watu wazima wameanguka, kwa nini nisiaminiwe kusimama mbele ya watu na kusema mkutano umefunguliwa?

Nikaanza kuhesabu. Kwaya yetu: mweka hazina mama, mwenyekiti baba. Kamati ya shule vivyo hivyo. Ushirika wa alizeti vivyo hivyo. Vikundi viwili vya kuweka na kukopa, vyenye wanawake wengi kuliko wanaume, navyo vivyo hivyo. Hata msibani mwanamke anashika daftari la rambirambi, mwanamume anashika kipaza sauti.

Najua kuna atakayeniambia kwamba Rais ni mwanamke, tunataka nini zaidi. Mama Samia Suluhu Hassan yuko Ikulu tangu Machi 2021, namwombea na najivunia. Bunge nalo, ambalo liko mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka kwangu, liliongozwa na Anne Makinda kuanzia 2010 hadi 2015, na Tulia Ackson akakalia kiti hicho kuanzia 2022 hadi 2025. Binti yangu anawajua wote kwa majina. Lakini mlango wangu mimi unafungiwa mahali pengine kabisa, na mahali penyewe ni kilabuni.

Mambo ya kijiji chetu hayaamuliwi mkutanoni. Yanaamuliwa jana yake, kwenye pombe ya mtama, jua likianza kushuka. Mwanamke wa heshima zake hakai pale. Akikaa, atasemwa, asipokaa, uamuzi umempita. Kesho yake tunaletewa jina moja na kuambiwa wanaokubali wanyooshe mikono. Na mkutano wenyewe unaitwa saa kumi jioni, saa ile ile ya kuchota maji, kukoka moto na kusonga ugali. Wanaofika ni wanaume na wanawake wanne watano tuliopewa vyeo vya kuandika.

La nyumbani ndilo zito. Shemeji yangu mkubwa alikuja, akamuuliza mume wangu mbele ya watoto, "Hapa kwako baba ni nani?" Baba Neema hakujibu. Mpaka leo hajanikataza na hajaniruhusu. Ananyamaza tu, na ukimya ule unanisumbua kuliko maneno ya kaka yake.

Kuna kitu wasiotoka kwetu hawakijui. Kwetu Wagogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Mimi naipiga tangu usichana. Nikibadilisha pigo, uwanja mzima unabadilika, wazee kwa vijana, na hakuna anayeuliza mume wangu yuko wapi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mila yetu haimjui mwanamke akiwa mbele. Inamjua vizuri sana. Ni ngoma ikishaanikwa juani ndipo tunapoambiwa turudi nyuma.

Waliopita njia hii walifanyaje? Hasa hicho kikao cha kilabuni, na huo ukimya wa ndani ya nyumba.

Mtendaji Mstaafu, Kongwa, amejibu:

Mwanangu Mama Neema, mbukwa.

Nilikuwa mtendaji wa kijiji miaka 26, katika vijiji vinne vya Kongwa na Mpwapwa. Sitakupa ushauri kabla sijakueleza niliyoyafanya mimi mwenyewe, maana nina deni.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na kati yao wanawake wasipungue watatu. Mabaraza hayo niliyaunda. Majina ya wanawake watatu niliyapata kila mara, na kila mara nilitafuta wapole. Mke wa mwenyekiti. Mjane aliyekuwa akitegemea msaada wa ofisi. Na bibi mmoja ambaye tuliamini hasikii vizuri. Fomu ikajaa, nikaipeleka wilayani, nikalala usingizi.

Siku moja akaja mama aliyefiwa na mume, anadai shamba ambalo ndugu wa marehemu walikuwa wamelichukua. Siku ya kusikiliza, wanaume wanne walikaa kwenye benchi na wanawake watatu wakakaa mkekani. Hakuna aliyewaamuru wakae chini. Benchi lilikuwa moja, na wao wenyewe walijua ni la nani. Wanaume wakauliza maswali, wakashauriana, wakaamua. Yule mama akaondoka mikono mitupu. Jioni yule bibi akanifuata ofisini, akaniambia, "Mpaka wa lile shamba naujua, nimelilima na marehemu mama mkwe wake kabla wewe hujazaliwa. Mbona hukuniuliza?" Alikuwa amesikia kila neno.

Shauri lile sikuweza kulirudisha. Mama yule alihamia Gairo kwa dada yake.

Baada ya hapo nilibadilika kidogo kidogo, na hicho kidogo ndicho ninachokupa. Benchi nililitoa, wote wakakaa mkekani. Nikawa nauliza wajumbe mmoja mmoja kwa jina, kuanzia mwanamke, maana mzungumzaji wa kwanza ndiye anayeweka njia. Na mikutano nikaihamishia asubuhi, saa tatu, maji yakiwa yameshachotwa na jua halijawa kali. Idadi ya wanawake waliofika ilipanda bila hotuba yoyote.

Kuhusu kilabu, usihangaike kukifuata. Chukua katiba ya jumuiya yenu, soma kifungu cha uchaguzi neno kwa neno. Kama inasema kura ya siri, andika barua ukidai karatasi na sanduku, nakala ibaki kwako ikiwa na mhuri wa kupokelewa. Mke hawezi kunyoosha mkono kinyume na mume wake aliyekaa hatua tatu mbele yake. Kwenye karatasi anaweza. Halafu tafuta mzee mmoja wa hapo hapo kilabuni alitaje jina lako, asiwe rafiki yako wala ndugu wa upande wako. Mzee ambaye ng'ombe wake walikunywa kwenye birika lile wiki ile uliyoleta fundi.

Kaka wa Manyoni amejibu:

Mimi nitasema tofauti, dada yangu asinichukie.

Uenyekiti wa maji si kukaa mezani. Pampu ikifa usiku unaitwa usiku. Kuna vikao vya wilaya, unalala huko. Kuna wafugaji wamevunja bomba na wana fimbo mkononi. Mwanamke akiyafanya hayo watu watamsema yeye, na watamsema mume wake kwamba anatawaliwa. Mama yangu mzazi alikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Nilikuwa darasa la tano. Baba alipigwa maneno mpaka akaacha kwenda kwa wenzake. Mama hakufanya kosa lolote, alikuwa mjumbe hodari, lakini nyumba yetu ilipoa. Nakuonea huruma wewe na huyo mzee wako anayenyamaza.

Mama Neema wa Bahi amejibu:

Kaka yangu wa Manyoni, sikuchukii. Umenifanya nifikirie kile baba yenu alichobeba.

Ila usiku ninaitwa tayari. Bodaboda nimepanda tayari. Wafugaji nimewakabili, nikiwa na mlinzi wa tanki na tochi moja, tukaelewana, na bomba wakalipa. Kwa miaka tisa nimesemwa ninachoweza kusemwa. Kilichobaki nisichonacho ni jina la kazi na haki ya kuweka agenda. Na hilo la agenda si dogo: miaka miwili naomba kituo cha saba kijengwe kitongoji cha chini, ambako wanawake wanatembea kilomita tatu. Pesa ipo, naiona mwenyewe daftarini. Halijawahi kuandikwa kwenye agenda.

Dada wa Nkuhungu amejibu:

Dada Mama Neema, shikamoo. Niko mjini Dodoma, nimeajiriwa, nina shahada ya uzamili, na hicho kilabu chako ninacho. Changu kina nyama choma. Kinaanza Ijumaa jioni saa ile ninayokimbilia Ipagala kumchukua mtoto kabla hajafungiwa geti. Jumatatu tukiingia kikaoni mambo yameshapikwa na kupakuliwa.

Ofisi siitaji. Nakaimu ukuu wa kitengo mwaka wa nne sasa. Kazi zote nafanya, lawama zote napokea, na chini ya jina langu linabaki neno Kaimu. Mwanamume aliyenitangulia alikaimu miezi mitano akathibitishwa. Nilipouliza, nilijibiwa kwenye korido, wala si kwa barua, "Subiri kwanza umalize uzazi." Wewe unaaminiwa pesa bila kiti, mimi nimekalia kiti bila kupewa.

Nikuambie nililojifunza nilipokuwa naandika tasnifu yangu pale Chuo Kikuu cha Dodoma, maana linahusu maji na linahusu kijiji. India ilibadilisha katiba yake, na kuanzia 1993 theluthi moja ya viti kwenye mabaraza ya vijiji, pamoja na theluthi moja ya uenyekiti wenyewe, vikatengwa kwa wanawake. Elewa hapo: wametenga uenyekiti, si ujumbe tu. Na zamu inahama, uchaguzi huu kijiji hiki, uchaguzi ujao kijiji kile. Watafiti wawili, Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, wakalinganisha vijiji vilivyopata zamu na visivyopata, huko West Bengal na Rajasthan. Matokeo yao yalichapishwa 2004. Vijiji vyenye mwenyekiti mwanamke viliweka fedha nyingi zaidi kwenye maji ya kunywa. Sababu haikuwa upole wala huruma. Waliokuwa wakilalamikia maji kwenye mabaraza yale walikuwa wanawake, na sasa aliyekuwa akipokea malalamiko alikuwa anayajua. Kituo chako cha saba kimo humo.

Lakini na ubaya wake nikueleze. Huko huko India kuna wanaume wengi wanaofahamika kama waume wa wenyeviti. Mke amechaguliwa, mume anakwenda ofisini, anaendesha kikao, mke anasaini nyumbani. Ukishinda, kuwa macho na hilo. Mhuri ukae kwenye mkoba wako.

Na jingine. Kwetu Bungeni viti maalum vya wanawake vilianza 1985, vilikuwa 15. Leo Katiba inasema visipungue asilimia 30 ya wabunge. Vimefungua mlango, sitaki mtu avibeze, maana wengi tunaowaona leo walianzia hapo. Ila mama yangu mdogo ni diwani wa viti maalum. Alipotaka kugombea kata yenyewe, waliomzuia walikuwa wanawake na wanaume kwa pamoja: "Wewe una kiti chako, waachie wenzako hicho." Ndivyo ulivyoambiwa nawe kuhusu hazina. Wamekutengea kiti ili usikitazame kingine.

Mjomba wa Mpwapwa amejibu:

Nimesoma yote. Mimi ni Mkaguru, na kwetu ukoo unafuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mashamba ya ukoo yanafuata njia hiyo. Wageni wakisikia hivyo wanadhani kwetu wanawake ndio wanaotawala. Hapana. Damu inapita kwa mama, neno linapita kwa mjomba. Mimi ni mjomba. Nimeozesha wapwa zangu watano na kugawa mashamba ambayo dada zangu wameyalima maisha yao yote. Sikuwahi kuona kuna swali hapo mpaka nilipoliona ugenini.

Nilipelekwa Uswisi kwa masomo ya hoteli mwishoni mwa miaka ya 1990. Nchi tajiri, treni inafika kwa dakika iliyoandikwa. Jumapili ya mwisho ya Aprili mwenyeji wangu alinipeleka Appenzell kuona mkutano wa wananchi. Wanakusanyika uwanjani, wanapiga kura kwa kunyoosha mikono, kama sisi chini ya mbuyu. Wazee wengine walikuja na upanga kiunoni. Nikaelezwa kwamba upanga ule ndio kitambulisho cha mpiga kura, tangu mababu. Nikauliza, na wanawake? Mke wa mwenyeji wangu akajibu kwamba yeye alianza kupiga kura pale 1991. Alikuwa na miaka 52. Uswisi iliwapa wanawake kura ya taifa 1971 tu, miaka kumi baada ya sisi kupata uhuru tukiwa tayari na Bibi Titi Mohamed jukwaani, na eneo lile likaendelea kukataa kwenye mambo yake ya ndani. Aprili 1990 wanaume walinyoosha mikono tena kukataa. Ikabidi Mahakama Kuu ya nchi iamue mwezi wa Novemba.

Yule mama alinieleza kwamba mume wake alikuwa akimwambia nyumbani kila mwaka kwamba anakubali. Akifika uwanjani, kati ya kaka zake na majirani, mkono hauinuki. Mwanamume yule alikuwa amekaa hapo anasikia, akaangalia chini.

Mama Neema, nakuandikia haya kwa sababu ya Baba Neema. Mimi sidhani anakupinga. Shemeji yako alimuuliza mbele ya watoto makusudi, ili jibu lolote limwaibishe. Usimuulize anasemaje kuhusu kaka yake. Muulize kuhusu pampu, kuhusu kituo cha saba, umsikie. Na mjadala wa ukoo uache nje ya nyumba mpaka yeye mwenyewe auingize.

Mimi mwaka jana tulipogawa mashamba niliwaita dada zangu wawili wakakaa ndani ya kikao. Mdogo wangu wa kiume alitoka nje. Alirudi kabla ya chakula.

Mtendaji Mstaafu, Kongwa, ameongeza:

Kijana wa Manyoni, baba yako alikosa mwanamume mmoja tu wa kukaa naye. Mama Neema, yule mzee niliyekuambia umtafute, mweleze na hilo pia.

Mama Neema wa Bahi amerudi, wiki mbili baadaye:

Ndugu zangu, samahani kwa ukimya, mtandao wetu unashika juu ya kilima tu.

Barua niliipeleka. Katiba yetu inasema kura ya siri, kifungu kipo miaka yote na hatujawahi kukitumia. Uchaguzi umepangwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwenye kivuli karibu na tanki. Mwalimu mkuu ametuazima sanduku wanalotumia wanafunzi kuchagua kiranja mkuu. Watoto wanapiga kura ya siri tangu zamani, sisi wazazi wao hatukujua.

Mzee nimempata. Ana ng'ombe arobaini. Sikumaliza hata kumweleza, akasema, "Wiki ile ningepoteza nusu ya hawa." Amesema jina langu atalitaja kilabuni mwenyewe, kabla ya Jumamosi.

Baba Neema nilimwuliza kuhusu kituo cha saba kama mjomba alivyonielekeza. Tulikuwa tunapura uwele. Akaweka fimbo chini, akachora njia ya bomba mavumbini, akasema kituo kikae juu ya lile jiwe, mvua isije ikakisomba. Tulizungumza mpaka giza likaingia. Kuhusu kaka yake hakusema kitu, nami sikuuliza. Asubuhi nikaikosa fomu juu ya kabati. Alikuwa ameichukua, ameipeleka ofisini kwa baiskeli, na pale penye jina la mdhamini ameandika lake.

Wapo watakaonipinga Jumamosi, na kuna mgombea mwingine, mwanamume, ni mtu mzuri. Anaweza kushinda.

Nafasi ya mweka hazina nimempendekeza kijana wa kiume wa kituo cha tatu. Watu walishangaa. Jioni anakuja kwangu, anamwaga mauzo mkekani, anahesabu, mimi namwangalia. Juzi alikosea mara mbili. Jana hesabu ilikaa sawa.